Mwanangu aligoma uji, tukaanzia kwenye kiazi

Mwanangu alipofikisha miezi sita, unga wake wa lishe ulikuwa umeshasagishwa zamani. Bibi yake alitia kila kilichokuwepo sokoni: mahindi, ulezi, mtama, mchele, soya, karanga, hata ngano. Mtoto akaonja, akausukuma uji nje kwa ulimi, akafumba mdomo. Kesho yake vilevile. Ikafika mahali akiona bakuli tu, kilio kinaanza.

Hapa Mwanza, mtoto asiyekunywa uji ni habari ya mtaa mzima. Kila aliyepita kibarazani alikuwa na dawa yake: mtie sukari, mtie siagi, mbane pua atameza mwenyewe. Mama mkwe naye alikuwa na njia ya siku zote: mtoto analazwa mapajani, uji unamiminiwa kwenye kiganja na kusukumiwa mdomoni. "Mumeo nilimkuza hivihivi," aliniambia, "na unamwona alivyo." Ungemjibu nini mama wa watu? Nikamwomba tufuatane kliniki siku ya kupima uzito, maneno yatoke kwa nesi, yasitoke kwangu.

Nesi alitazama kadi. Uzito ulikuwa bado kwenye kijani, ila mstari ulianza kulala. Akasema kusukuma chakula kwa ulimi ni kawaida ya watoto wa umri huo, si kiburi wala si kukataa. Kumlaza na kummiminia ndiko alikokataza kabisa, maana uji unaweza kuingia njia ya hewa. Unga wa vitu saba nao akaukataa: kama mtoto ataharisha au kutoka vipele, utajuaje ni kipi? Nafaka moja na kitu kimoja cha jamii ya kunde vinatosha, na chakula kiwe kizito kiasi cha kukaa kwenye kijiko bila kudondoka. Vijiko viwili vitatu, mara mbili au tatu kwa siku, ziwa likiendelea kama kawaida. Na ladha mpya, akasema, mtoto anaweza kuikataa hata mara kumi kabla hajaizoea. Mama mkwe alisikiliza kimya. Njiani akauliza tu, "Sasa tunaanza na nini?"

Tukaanza na viazi lishe, vile vya rangi ya chungwa ndani. Nilivichemsha na maganda, nikamenya, nikaponda kwa uma, nikalainisha kwa maziwa yangu mwenyewe ili kuwe na ladha anayoijua, na tone la mafuta ya alizeti. Chumvi na sukari sikuweka. Kisha nikafanya jambo lililomshangaza kila mtu nyumbani: sikumlisha. Wakati wa chakula cha jioni nilimkalisha wima kwenye mkeka pamoja nasi, mgongo kwenye tumbo langu, nikamwekea kiazi mbele yake kwenye sahani ya plastiki, na kipande kirefu kilichoiva hadi kubonyea kwa vidole viwili. Alikivuruga, akajipaka nywele na masikio, akampaka na baba yake. Kisha akalamba mkono. Hakuna aliyepiga makofi, nilishawaonya. Tuliendelea kula ugali wetu.

Tangu hapo mkeka ukawa ndio shule yake. Ananitazama natafuna, naye anatafuna hewa. Kijiko nilikileta taratibu, kimoja changu, kimoja chake cha kuchezea. Nakisogeza karibu na mdomo na kusubiri aufungue mwenyewe. Akigeuza uso, mlo umekwisha.

Kilichonitia hofu ni kukabwa na chakula. Nilikuja kujua tofauti: mtoto anayekohoa na kutoa sauti, uso umemwiva, anahangaika kukitoa mwenyewe, mwache huku unamtazama. Anayenyamaza ghafla, hapumui, ndiye wa kumkimbilia. Karanga nzima hazisogei karibu naye. Tunampa zilizosagwa zikawa laini.

Madini ya chuma ndiyo yaliyonipeleka kwenye dagaa, kwa kuwa akiba aliyozaliwa nayo mtoto hupungua akikaribia nusu mwaka na maziwa pekee hayaijazi. Kwenye soko la samaki la Mwaloni Kirumba dagaa wamejaa, lakini chagua walioanikwa kwenye vichanja. Wa chini wana mchanga usioisha. Nawatoa vichwa, nawaosha kwa maji ya moto, nawaanika, nawakaanga bila mafuta hadi wakauke, nawasaga na kuchekecha. Nusu kijiko cha chai kwenye kiazi au boga, hana habari kama amekula samaki. Siku hizi kazi ya kusaga ameichukua mama mkwe, na hataki msaada.

Jirani alionya kwamba mtoto akila yai atachelewa kusema. Amekula yai lililoiva vizuri, kiini na ute, na kelele zake zinafika kwa jirani huyohuyo. Asali ndiyo tunayoikwepa hadi atimize mwaka, na chai pia.

Akiota jino au akishikwa na mafua anarudi kwenye ziwa na kukataa karibu kila kitu. Simsumbui, nampa kidogo kidogo, na akipona namwongezea mlo mmoja kwa siku. Uji aliukubali baadaye, mzito, wa ulezi na karanga tu. Papai bado analitema. Linawekwa kila siku, kipande kimoja, pembeni ya sahani.