Wakisafisha Mto, Baraza Langu Hujaa

Nina duka la spea Kirinyaga Road, barabara ambayo wazee bado huiita Grogan. Mto Nairobi uko hapo nyuma yetu, kwa hivyo serikali yoyote ikiamua kurembesha mji, sisi wa huku hujua mapema. Baraza za maduka yetu hujaa watu waliofukuzwa mtoni.

Tazama Michuki Park, bustani iliyo kando ya mto huo. Marehemu John Michuki, alipokuwa waziri wa mazingira, ndiye aliyeanza kuisafisha 2008. Alifariki 2012, bustani ikaachwa, vichaka vikarudi, na familia za mitaani zikaingia humo na magunia yao na watoto wao. 2020 ikafufuliwa upya. Leo inapendeza kwelikweli, nami hupita pale Jumapili na wajukuu. Lakini hao waliokuwa wakilala pale walipelekwa wapi? Wengi tuliwaona wakivuka barabara tu.

Na sisemi kwamba kuishi nao ni rahisi. Wateja wangu wamenyakuliwa simu mchana kweupe. Asubuhi nazoa chupa za gamu, na siku nyingine kinyesi, maana choo cha karibu ni cha kulipia na usiku kimefungwa. Jirani yangu aliweka geti la chuma barazani kwake. Namwelewa kabisa. Waliokuwa wakilala kwake sasa wanalala kwangu.

Kuna mama hulala hapo na mtoto wa kike, juu ya katoni za shokomzoba. Nikifika huwa ameshazikunja, amezifunga kwa kamba ya sisali na kufagia hadi kwenye mtaro. Usiku mmoja lori lilikuja likawabeba pamoja na wenzao. Baada ya muda wakarudi kwa miguu, mtoto akiwa na kiatu kimoja. Nilimuuliza waliachwa wapi. "Mbali, Baba. Gizani." Hayo ndiyo tunayaita kusafisha mji?

Sensa ya familia za mitaani ya 2018 ilihesabu watu 46,639 Kenya nzima, 15,337 wakiwa hapa Nairobi. Idadi hiyo haitoshei ndani ya lori. Mwaka 2003 serikali ilijaribu njia nyingine: ikaunda mfuko wa kuwarekebisha, na vijana wengi wakapelekwa National Youth Service kujifunza ufundi. Ile ilikuwa njia ya maana, na inaniuma kwamba haikuendelezwa kwa nguvu ile ile.

Sasa mto unafanyiwa kazi tena, na safari hii vijana wa mitaa ya mabanda wanaajiriwa. Vizuri sana. Kijana anayenibebea mizigo alitaka kwenda. Ana nguvu, na mto anaujua kuliko injinia yeyote. Hana kitambulisho. Amezaliwa mtaani, hana cheti cha kuzaliwa, na akienda kuomba anaulizwa kitambulisho cha mzazi. Mama yake alikufa bila hicho kitambulisho. Bila karatasi hiyo hana laini ya simu kwa jina lake, wala hawezi kulipwa mshahara.

Kwa hivyo ombi langu ni moja. Kabla ya matrekta kufika mzunguko wa Globe, hapa karibu, leteni maofisa wa kusajili watu, na meza, hapa Kirinyaga Road, saa kumi na mbili asubuhi kabla hawajatawanyika. Baraza langu litumieni bure.