Boila na usiku wa taa kali

Sisi wa Bukavu tumezoea kulalamikia umeme mdogo. Jioni, watu wakishawasha majiko na pasi, mita yangu husoma volti 160 badala ya 220, na boila ya lita 50 inayopasha maji kwa saa moja na nusu inachukua karibu saa tatu. Inachosha, lakini haiui boila (friji ni hadithi nyingine). Kilichotuponza sisi ni umeme mwingi.

Usiku huo, hapa Ibanda, taa zetu ziliwaka kama za uwanja wa mpira, huku jirani akipiga kelele ng'ambo ya ukuta kwamba kwake zinafifia. Ukiona hivyo, kwako zinazidi na kwa mwenzio zinapungua, usitafute mchawi: waya wa nyutro, ule wa kurudishia umeme, umeachia mahali. Nilikimbia kushusha dijonkta, swichi kuu ya umeme wa nyumba, nikachelewa. Redio na chaja mbili zilikuwa zimeshaanza kunuka.

Kesho yake mafundi walipanda nguzo, wakakaza kiungo kilicholegea. Umeme ukarudi sawa, boila haikurudi. Na binti yangu alikuwa na kichanga cha wiki mbili. Maji ya kumwogesha tukawa tunachemsha kwa makala (makaa).

"Papa, rezistansi imekufa hiyo, ile koili inayopasha maji. Twende sokoni Kadutu ununue ingine," jirani akanishauri.

Nikasema nipime kwanza. Nilizima dijonkta, nikahakikisha kwa mita kwamba umeme haupo, nikachomoa nyaya. Rezistansi ya wati 1,500 inatakiwa kuonyesha omu 32 hivi. Yangu ilionyesha 33. Kati yake na bati la tangi hapakuwa na njia ya umeme kabisa, maana yake haivujishi umeme. Nzima!

Kwenye themostati, kifaa kinachowasha na kuzima umeme kufuata joto la maji, kuna kitufe kidogo chekundu. Kilikuwa kimeruka. Nikakibonyeza, kikalia "ta", nikawasha, maji yakapata moto. Nikajisifu mbele ya watoto.

Sifa zikadumu usiku mmoja. Asubuhi vali ya usalama ilikuwa inadondosha maji ya moto kuliko ya chai, na kitufe kimeruka tena. Niliona aibu. Kitufe kile hukata umeme joto la maji likipita kiasi, nami nilikuwa nimekibonyeza bila kujiuliza ni nini kilichozidisha moto. Nikazima tena, na maji yakiwa bado moto nikazungusha themostati hadi kiwango cha chini kabisa, nikapima kwenye miguso yake, vile vipande viwili vinavyogusana kupitisha umeme. Ilipaswa kuwa imeachana. Mita ikalia tu: miguso ilikuwa imegandana, na sina shaka iliungulia usiku ule.

Kadutu nilikwenda kweli, ila kwa themostati, yenye fimbo ya urefu uleule. Sikumwaga hata tone la maji, kwa kuwa fimbo hiyo huingia kwenye ala yake kando ya rezistansi. Ningemsikiliza jirani, ningefunga rezistansi mpya chini ya themostati ileile iliyoganda.

Nikaongeza kinga ya kukata umeme volti zikizidi, ya ampea 16, maana boila peke yake hula karibu 7. Juzi usiku ikakata. Kabla sijainuka kitini, jirani alikuwa ukutani:

"Papa, kwako zimezidi?"

Nikamwambia ashushe dijonkta yake upesi.