Ule mustari mwekundu ni dhahabu

Usiku mutoto wa dada yangu alikuwa anachemka na homa, asubuhi nikamubeba mgongoni mpaka kituo cha afya, mvua inanyesha na matope ya Bukavu munayajua. Muganga akamuchoma kidole, akaweka katone ka damu kwenye kale kapimo ka malaria, akaongeza dawa yake, tungojee dakika 15. Macho yangu hayakutoka pale. Mustari mumoja ukatokea, ule wa kuonyesha kama kipimo ni kizima, halafu pole pole na wa pili, mwekundu, mwembamba kama uzi. Malaria.

Nikamwambia, "Mama muganga, ile rangi ni dhahabu." Akashangaa, "Dhahabu gani nyekundu?"

Ni dhahabu kabisa. Tupunje twa nanometa 40 hivi (nanometa moja ni milimita iliyogawanywa mara milioni), na unywele mumoja wa kichwa uko na upana wa karibu nanometa 80,000, fikiria. Dhahabu ikiwa ndogo namna ile inameza mwanga wa kijani na sisi tunaona wekundu, Michael Faraday alishaichunguza kule London mwaka 1857. Kila kapunje kamevikwa kingamwili inayoshika protini ya kimelea, vinasafiri pamoja na damu mpaka kwenye mustari vinanaswa pale, vinarundikana mpaka jicho linaona.

Nakumbuka siku ya kwanza kuipika mwenyewe mu labo, maji yenye chumvi ya dhahabu yanachemka, unamimina sitrati, chumvi ya asidi ya ndimu, yanakuwa meusimeusi halafu mara yanageuka rangi ya divai. Yangu ilibaki zambarau juu chupa haikuoshwa vizuri, nikarudia mpaka jioni.

Sasa kinachonikosesha usingizi ni Kamituga, mji wa machimbo ya dhahabu. Dhahabu inatoka kwetu hapa Kivu Kusini, watu wanaikamata na zebaki, wanaichoma, ule moshi wanauvuta na watoto wao, ingine inashuka mtoni. Zebaki na dhahabu zikikutana zinashikana, mpaka moto uziachanishe. Basi hii dhahabu ndogo nayo inaweza kuinasa zebaki ndani ya maji, rangi ikabadilika, na mama mwenye bidon yake akajua kabla ya kupika. Wenzangu wengi wa kazi hii ya tupunje wanakimbilia betri na sola, sikatai, umeme unakatika kila siku, ila mimi moyo wangu uko mtoni.

Nilitaka kubaki na kile kipimo. Muganga akakataa, kiko na damu, akakitupa mu boksi. Mutoto alitapika dawa ya kwanza, akapewa ingine, sasa amelala.