Siku moja maishani mwangu: kofia tatu, marinda na pini 12

Saa 11:20 alfajiri

Mimi ni mfumaji wa kroshia. Miezi mingine ya mwaka nafuma blanketi za watoto, vikapu, vitambaa vya meza, chochote mtu anachotaka. Lakini Krismasi ikikaribia, kazi yote inageuka kijani. Watu wanataka kofia za mti: zimechongoka juu, zina matabaka ya marinda yanayoning'inia kama matawi, na nyota kileleni. Mwezi wa nane ukinitajia kofia hizo nacheka. Mwezi wa kumi na mbili naziota.

Leo ni oda ya familia moja, kofia tatu. Ya baba sijaianza. Ya mtoto wa miaka sita mwili uko tayari, imebaki kuvishwa marinda. Ya mtoto mchanga wa miezi sita inasubiri mapambo tu. Mpeleka mizigo anapita kesho saa 1 asubuhi, na hanaga subira.

Kabla sijagusa uzi nahesabu pini. Ninazo 12, zile zenye kifungo, ndizo alama zangu za kuonyesha mzunguko unaanzia wapi. Naamka na 12, nalala na 12. Ikipungua moja, maana yake imo ndani ya kofia, na kofia inakwenda kichwani kwa mtu.

Zipo 12.

Saa 12 asubuhi

Kichwa cha baba ni sentimita 58. Kofia ya kroshia haifumwi sawa na kichwa, inapungua kidogo ili ikivutika ishike, kwa hiyo natoa 4 na kubaki na 54. Kwa uzi huu na sindano ya milimita 5, mkono wangu unatoa vitanzi 14 katika sentimita 10. Mkono wako unaweza kutoa 12 au 17, ndiyo maana mtu akiniomba "idadi tu ya vitanzi" namwambia kwanza afume kipande cha majaribio akipime. Hesabu inanipa 75 na ushee. Naichukua 76.

Naanza na duara la kuvuta, yaani tundu la uzi linalokazwa hadi lifungike, lenye vitanzi vifupi 6 (vile vya kimo kidogo), kisha naongeza 2 kila mzunguko. Baada ya mizunguko 35 ya kuongeza nitakuwa na 76 na kimo cha kama sentimita 22. Hapo mti umeshatoka. Halafu mizunguko 12 bila kuongeza kitu, hiyo ndiyo sehemu inayokaa kwenye paji la uso na masikio.

Kilele nakifuma kwa sindano ndogo, milimita 4, na nakaza mkono. Kilele kilicholegea hulala. Mti uliolala ni kofia ya kulalia.

Saa 1:30 asubuhi

Simu. Mtoto wa kaka yangu, ameanza kroshia mwezi uliopita na tayari ana oda ya rafiki yake.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Kulikoni asubuhi hii?"

"Shangazi, kofia yangu imekuwa sahani."

Ametuma picha. Kweli ni sahani, nzuri, imetulia mezani kabisa. Nikamuuliza anaongeza vingapi kila mzunguko. Sita, kasema. Basi ndiyo jibu. Kwa vitanzi vifupi, ukiongeza 6 kila mzunguko unapata duara bapa. Punguza nyongeza, duara linaanza kusimama na kuchongoka kama koni. Nyongeza mbili zinatoa koni ndefu, tatu koni nene. Na usiziweke nyongeza juu ya nyongeza, la sivyo utaona tuta limepanda ubavuni kutoka chini hadi juu. Zisogeze kila mzunguko.

Nikamuuliza maelekezo yake ameyatoa wapi. Akasema ya Uingereza. Nikamwonya mapema: Waingereza na Wamarekani wanatumia majina yaleyale kwa vitanzi tofauti. Kile ambacho Mmarekani anakiita kitanzi kimoja, Mwingereza anakiita cha mara mbili, na ngazi zote zinazofuata zinapishana hivyohivyo. Mimi mwenyewe niliwahi kufuma kofia ya mtoto ikatoka gunia kwa sababu hiyo. Siku hizi kabla ya kuanza natafuta kwanza maelekezo yametoka upande gani wa bahari.

"Sasa hii sahani niifanyeje?"

"Fumua."

Kimya kirefu. Neno hilo hakuna mfumaji analipenda, ila kufuma na kufumua vimetengana kwa herufi moja tu.

Saa 2 hadi saa 4:30

Hapa hakuna la kusimulia. Mtu anayefuma kwa kuhesabu haongei. Mtu akiniita nanyanyua kidole, maana yake niko katikati ya namba. Ila kila mzunguko wa saba baada ya kuongeza (yaani vitanzi vikifika 20, 34, 48, 62 na 76) mzunguko unaofuata nauingiza kwenye nyuzi za nyuma za vitanzi tu, maana kila kitanzi juu kina nyuzi mbili, ya mbele na ya nyuma. Nyuzi za mbele zinabaki nje, wazi, zikingoja. Humo ndimo matawi yatakapoota.

Saa 4:30 mwili umekwisha. Naujaribu kichwani kwangu: unanishuka hadi kwenye nyusi, kwa hiyo kwa baba uko sawa. Nanyoosha vidole, nazungusha vifundo vya mikono, natembea hadi mlangoni na kurudi. Zamani nilikuwa nafuma zaidi ya masaa manne bila kupumzika, nikijiona shujaa. Kifundo cha mkono wa kulia kilinifundisha adabu, wiki tatu sikushika sindano.

Saa 5 asubuhi

Marinda. Hapa ndipo kofia inapokula muda, na hapa ndipo mteja haoni kitu.

Katika kila uzi wa mbele naingiza vitanzi virefu vitatu, vyenye kimo kuliko vile vifupi. Ukijumlisha matabaka yote matano, nyuzi zinazongoja ni 240, kwa hiyo safu ya kwanza ya marinda ina vitanzi 720. Kisha safu ya pili juu yake, kimoja kwa kimoja, 720 vingine ili tawi liwe na urefu wa kufunika. Jumla 1,440, na vyote virefu. Mwili mzima wa kofia ni 2,388 na ni vifupi. Kwa hiyo mtu akiniambia "si kofia tu jamani, na hayo marinda ni pambo", huwa natabasamu kwa shida.

Kujikunja kwenyewe hakuhitaji ufundi wowote. Ukijaza vitanzi vitatu mahali pa kimoja, havina pa kwenda, vinapanda na kushuka. Mwaka 1997 mwanahisabati Daina Taimina wa Chuo Kikuu cha Cornell alitumia kroshia hiihii kutengeneza uso wa jiometria ya haipaboli, yaani uso unaojikunjakunja badala ya kulala bapa, ambao kwa karatasi ulikuwa unachanika haraka. Aliongeza vitanzi kwa uwiano mmoja kila safu, na kitambaa kikajikunja chenyewe kama matumbawe. Wanafunzi wake walishika hisabati mikononi. Mimi nikiona picha za kazi yake naona marinda, tena yamefumwa kwa mkono uliokaza vizuri.

Jambo moja kwa wanaoanza: kofia hii ianzie kileleni kuja chini. Ukianzia kwenye paji la uso kupanda juu, marinda nayo yataelekea juu, na utapata nanasi. Au utalazimika kuigeuza kofia na kujifunza upya mkono wako unaelekea wapi.

Saa 8 mchana

Nimemaliza tabaka la tatu kutoka juu, bonge la uzi limekwisha. Nafungua jingine la rangi ileile, jina lilelile kwenye lebo, naweka pembeni ya kofia, moyo unashuka.

Si kijani kile.

Kila bonge lina namba ya rangi, na namba nyingine ya mkupuo, yaani nyuzi zilizotiwa rangi pamoja kwenye pipa moja siku moja. Rangi inaweza kuwa moja na mikupuo ikawa tofauti, na jicho likaona. Naijua sheria hiyo, naihubiri kwa kila mtu, na nilinunua bonge la mwisho bila kugeuza lebo. Sina wa kumlaumu.

Kwenye blanketi ningepishanisha mabonge mawili, safu mbili za hili, mbili za lile, mpaka tofauti iyeyuke. Hapa tofauti imekuja mahali pazuri kwa bahati, kwa sababu uzi mpya umekoza zaidi na matabaka yaliyobaki ni ya chini. Mti wowote una giza zaidi chini, kwenye kivuli cha matawi yake. Nilikuwa na mabaki ya bonge la zamani kwenye kofia ya majaribio. Nikaifumua, nikapata uzi wa kutosha safu ya kwanza ya tabaka la nne. Safu ya pili na tabaka la tano zima ni uzi mpya. Penye kiungo nikachomeka pini chini ya marinda, nikumbuke kurudi kuficha ncha.

Nilipoisimamisha mezani nikarudi nyuma hatua tatu. Inapendeza kuliko ingekuwa ya rangi moja. Mteja simwambii, atadhani nilikusudia, na sasa nimekusudia.

Saa 10 jioni

Ya mtoto wa miaka sita, marinda ya matabaka manne. Mkono unajua njia, masikio yako kwenye redio. Inakwenda.

Saa 11:15 jioni

Ujumbe kutoka kwa mteja: "Dada, ya mtoto mchanga unaweza kuweka vitaa vidogo vya betri?"

Ya baba ningeweka. Ya mchanga, hapana, nikamjibu hivyo na sababu. Betri zile za duara kama kifungo mtoto akimeza zinaunguza koo, na mtoto wa miezi sita chochote kilicho kichwani kitafika mdomoni. Hata vifungo na shanga siweki. Kwa vitu vya kuchezea vya watoto chini ya miaka 3, Marekani wana silinda ya kupimia yenye kipenyo cha milimita 31.7, na kipande kinachoingia humo kizima huhesabiwa kuwa kinaweza kumkaba mtoto. Shanga inaingia humo na marafiki zake kumi. Mapambo ya mchanga nayadarizi kwa uzi, vinundu vyekundu na vya dhahabu vilivyoshonwa hadi upande wa ndani. Kamba za kufunga kidevuni nazo sina.

Akajibu: "Sawa dada, asante." Wengine huwa wananuna.

Saa 1:30 usiku

Nyota tatu, pembe tano kila moja. Zile mbili kubwa nazichovya kwenye gundi nyeupe iliyochanganywa na maji, naziwamba kwa pini ndefu juu ya ubao na kuziwekea feni. Ya mchanga inabaki laini.

Mwaka juzi nilijaribu njia ya mkato: nilizipiga nyota pasi ya mvuke zinyooke. Uzi wa akriliki ni plastiki, ukiugusisha joto kali unakufa, unalegea na kung'aa kama kitambaa cha mwavuli, na haurudi. Nyota sita zikawa samaki. Sufu ya kondoo inavumilia mvuke, ila mteja akiitupa kwenye mashine ya maji moto inasinyaa hadi saizi ya mwanasesere. Kwa kofia inayovaliwa wiki mbili kwa mwaka na kufuliwa na mtu asiyesoma lebo, nachagua akriliki.

Saa 3:40 usiku

Nyota zimekauka, zimeshonwa. Ncha za uzi naziingiza ndani, naenda nazo upande mmoja, narudi nazo upande mwingine, ndipo nakata. Ncha iliyoingizwa upande mmoja tu hutoka siku ya kwanza. Nafunga kofia kwenye karatasi, tatu, naandika majina.

Saa 4:30 usiku

Nahesabu pini. 11.

Nahesabu tena. 11. Natikisa sketi, napapasa ukosi wa gauni, napiga magoti chini ya meza na tochi ya simu. Hakuna. Nazitazama zile karatasi tatu zilizofungwa vizuri na utepe, nafikiria ile ndogo kabisa. Nikaanza nayo. Nikapitisha vidole kila rinda, kila kinundu, ndani na nje, kisha mara ya pili. Safi. Ya mtoto, safi. Nikafungua ya baba, na nilipogusa tabaka la nne nikakumbuka kabla vidole havijafika. Ipo, imejificha chini ya marinda penye kiungo cha kijani viwili, na ncha ya uzi mpya inaning'inia hapohapo. Sikuwa nimeificha hata hiyo.

Nikaificha. Nikachomoa pini, nikairudisha kwenye kopo.

12. Karatasi ya baba imechanika, kesho nitaamka mapema kuifunga upya.