Kwani Mpiga Besi Naye Ana Historia?

"Shemeji, kwani mpiga besi naye ana historia?" Ndivyo alivyoniuliza mume wa mdogo wangu Jumapili mezani, nilipokuwa nikimsimulia mwanangu habari za Willie Dixon, Mmarekani mpiga besi na mtunzi wa nyimbo za blues, muziki uliozaliwa na Wamarekani weusi. Juma hili tumehama nyumba, na kazini nimekabidhiwa idara nzima, lakini swali hilo ndilo linalonirudia kila ninapolala.

Nilimjibu, "Anayo, shemeji, tena ndefu." Akasema, "Wimbo ni wa mwimbaji," kisha akageukia habari za mpira. Mnaonifahamu mnajua kwa nini nilichomwa: marehemu Baba alipiga besi katika bendi ya dansi hadi nguvu zilipomwishia, na jina lake halikutajwa jukwaani hata mara moja.

Wimbo ni wa mwimbaji! Dixon alizaliwa Vicksburg, Mississippi, mwaka 1915, akahamia Chicago, akapigana ngumi ulingoni kabla ya kushika besi ile kubwa ipigwayo kwa kusimama. Vita vya Pili vya Dunia vilipokuja alikataa kuingia jeshini kwa sababu ya ubaguzi waliotendewa watu weusi nchini mwake, akafungwa. Baadaye, katika kampuni ya kurekodi muziki ya Chess, besi yake ilisikika katika rekodi za mwimbaji Chuck Berry, huku akiwatungia wenzake nyimbo zilizowakaa kama kanzu iliyoshonwa kwa vipimo vyao: "Hoochie Coochie Man" aliyoirekodi Muddy Waters mwaka 1954, "My Babe" ya Little Walter, "Spoonful" ya Howlin' Wolf. Mwaka 1964 bendi ya Rolling Stones iliufikisha wimbo wake "Little Red Rooster" kileleni mwa chati za Uingereza. Waimbaji ni wengi, shemeji. Mtunzi ni mmoja.

Hata hivyo, jana usiku uchungu ulianza kunitoka. Nilikumbuka kwamba mwaka 1985 Dixon aliwashtaki bendi ya Led Zeppelin, kwa kuwa wimbo wao "Whole Lotta Love" ilibeba maneno ya wimbo wake "You Need Love", na mwaka 1987 wakapatana nje ya mahakama. Zaidi ya hapo, alianzisha taasisi ya Blues Heaven, iliyowasaidia pia wanamuziki wengine kudai haki za kazi zao. Nilifurahi kana kwamba Baba naye amelipwa.

Mwanangu ameniomba nimfundishe besi, nami nimekubali.