Saa mpya ya bei mbaya, kasoro kiduchu: irudi kwa fundi au ivaliwe?

Weka lenzi kando kwanza. Ishike saa umbali wa sentimita 30 hivi, karibu na dirisha. Kasoro usiyoiona hapo haistahili saa kufunguliwa.

Chukua chembe ya vumbi chini ya kioo. Kuitoa, fundi anafungua kifuniko cha nyuma, anachomoa kitufe cha kutilia ufunguo, anatoa mashine nzima, kisha anabadilisha mpira wa kuzuia maji na kupima upya kama maji hayapenyi. Bisibisi ikiteleza mara moja tu, umepata mkwaruzo mahali palipokuwa na vumbi. Chembe iliyotulia iache. Inayohamahama, hasa ikimetameta kama chuma, ipeleke: ikinasa kwenye magurudumu itasimamisha saa.

Pete ya nje ya saa za kuzamia huzungushwa, na mara nyingi hulia "tik" mara 120 kwa mzunguko mzima, yaani nusu dakika kila mlio. Alama yake kuu ikipishana na alama ya 12 iliyo juu ya uso wa saa kwa nusu mlio, dai ubadilishiwe kabla hujaanza kuivaa.

Kuhusu usahihi wa majira, cheti cha COSC, taasisi ya Uswisi inayopima saa, kinaruhusu wastani wa -4 hadi +6 sekunde kwa siku. Rolex hujiwekea ±2. Saa ikianza ghafla kukimbia mbele dakika nzima kwa siku, shuku sumaku ya spika au ya kifuniko cha tableti. Kuondoa usumaku ulioingia kwenye saa ni kazi ya sekunde chache, bila kufungua chochote.

Mikwaruzo ya bangili? Vaa tu. Kung'arisha kunakula chuma, na kingo kali zikishalainika hazirudi kirahisi.