Kibali cha kujenga Njoro: tatizo halikuwa ramani

Ramani yangu ya vyumba vinne vya kupangisha ilirudishwa na Kaunti ya Nakuru mara mbili, na mara zote nilimlaumu msanifu wangu bure. Mihuri ilikuwepo, wake na wa mhandisi. Kilichonikwamisha ni ploti yenyewe: nilikuwa nimenunua kipande cha shamba, na kwenye rekodi za ardhi bado kilikuwa cha kilimo. Mahindi ruhusa, nyumba za kupangisha la!

Nikatafuta mtaalamu wa mipango miji aliyesajiliwa. Akaniandikia ombi la kubadilisha matumizi ya ardhi, kutoka kilimo hadi makazi. Tangazo likatoka gazetini, bango likasimamishwa shambani, ili mwenye pingamizi aseme. Mzee jirani alikuja mbio akidhani nauza. Nikamkaribisha chai, nikamweleza, yakaisha.

Halafu kodi ya ardhi. Aliyeniuzia alikuwa ameniachia deni, nami sikuwa nimeuliza (hilo lilinikera kuliko yote). Nikalipa, nikachukua hati ya kutodaiwa, nikairudisha ramani ileile bila kugusa mstari. Kibali kikatoka. Nikasajili mradi kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, ndipo fundi akaanza kuchimba msingi.